Kumwandaa kipa wa timu ya vijana: pa kuanzia na wiki inavyopangwa

Katika timu nyingi za watoto vijijini kipa hachaguliwi, anabaki. Wenzake wakishagawana nafasi za mbele, yule aliyesalia, labda mgeni, labda aliyechelewa kufika, anaambiwa akae golini. Mazoezi yakianza, wachezaji kumi na tano wanapanga foleni nje ya kumi na nane, kila mmoja anampigia shuti kwa nguvu zake zote, na hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa mazoezi ya kipa. Jumapili timu ikifungwa matatu, lawama zote zinamwendea yeye.

Tukifungua simu katika kipindi cha michezo tunalisikia hili mara kwa mara. Msikilizaji anapiga kulalamika kwamba kipa wa kijiji chao "ana mikono ya siagi". Ukimuuliza kipa huyo amefundishwa nini na nani, simu inakuwa kimya. Makala haya ni kwa kocha wa kujitolea, mwalimu wa michezo au mzazi ambaye hana kocha wa makipa wala vifaa vya dukani, ila ana mipira miwili mitatu na siku tatu kwa wiki. Kipa anahitaji muda wake mwenyewe na mtu mzima mmoja anayemtazama yeye tu. Mengine yote yanajengwa juu ya hapo.

Nani akae golini

Mtoto wa chini ya miaka 12 asifungwe katika nafasi moja. Wazungushe, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Utamgundua mwenye moyo wa kudaka ambaye hukumtegemea, na beki aliyewahi kusimama golini ataelewa kwa nini kipa anapiga kelele mpira wa kona unapokuja.

Usichague kwa urefu. Mtoto wa miaka 11 anayewazidi wenzake kichwa kizima huenda amewahi tu kukua, na wenzake watamfikia. Juma Kaseja hakuwa mrefu kwa kipimo cha makipa, lakini ndiye aliyekuwa langoni mwaka 2003 Simba ilipowatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti kule Cairo. Tazama badala yake mtoto asiyefumba macho mpira unapomjia, anayeufuata mpira kwa macho hata ukiwa lango la pili, na asiyeona haya kutoa sauti. Kubwa kuliko yote, awe anataka mwenyewe. Ukimuuliza mara mbili akasema hataki, mwache acheze mbele.

Kwa timu za wasichana ni hayo hayo, na kuna hazina ambayo makocha wengi hawaioni. Msichana aliyekulia kwenye rede amedaka na kukwepa mipira ya matambara tangu akiwa mdogo. Macho na mikono anayo tayari. Anachokosa ni kuzoea kuanguka.

Chukua makipa wawili, si mmoja. Watarushiana mipira wao kwa wao hata siku ambayo wewe umekwama shambani, na mmoja akiumia timu haitaanza kumtafuta aliyebaki.

Halafu angalia lango lenyewe. Lango la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mtoto wa miaka 10 hawezi kulifikia, na mpira uliopita juu ya kichwa chake si kosa lake. Kwa watoto wa chini ya miaka 13 chomeka miti miwili umbali wa mita 5 hivi, ufunge kamba juu kwa kimo cha mita 2. Mpira nao uwe namba 4, ambao ni mdogo na mwepesi kidogo. Namba 5 isubiri wafike miaka 13.

Pa kuangukia

Uwanja wa kijiji mwezi wa tisa ni mgumu kama sakafu ya saruji. Kipa anayeogopa kuanguka juu yake ana akili timamu, wala usimwite mwoga. Mtengenezee mahali. Pembeni ya uwanja pima kipande cha mita 3 kwa 4, kitifue kwa jembe kina cha shibiri moja, toa mawe na mizizi yote, kisha changanya mchanga wa mtoni, maranda ya mbao au pumba za mpunga, chochote kilicho karibu. Kabla ya kila zoezi kipitie kwa miguu na macho kutafuta miiba na vipande vya chupa. Mvua ikikishindilia, kitifue upya.

Nguo nazo ni vifaa. Suruali ndefu na shati la mikono mirefu huokoa ngozi. Fundi cherehani anaweza kushonea vipande vya sponji kwenye nyonga na viwiko kwa bei isiyofikia hata robo ya bei ya glovu. Glovu zikipatikana ni vizuri, zioshwe kwa maji na zianikwe kivulini maana jua kali huzikausha zikapasuka. Zisipopatikana, mtoto ajifunze kwa mikono mitupu. Mkono uliojifunza kushika bila glovu utashika vizuri zaidi ukivaa.

Hapa lazima niseme jambo la magoli ya chuma. Yale ya miti yaliyochimbiwa chini hayana shida kubwa. Hatari iko kwenye magoli ya chuma ya kuhamishika, ambayo shule na timu nyingi hupewa kama msaada. Yamesimamishwa tu bila kufungwa, na watoto wanapenda kuning'inia kwenye mtambaa panya. Goli likipinduka, chuma kinamwangukia mtoto kichwani au kifuani, na katika nchi mbalimbali watoto wamekufa hivyo. Weka viroba vya mchanga juu ya chuma cha nyuma, au kipigilie chini kwa mambo marefu. Mazoezi yakiisha lilaze goli chini. Mtoto akining'inia, simamisha mazoezi yote mpaka ashuke.

Mikono kwanza

Wiki mbili za mwanzo asianguke kabisa, na asipigiwe shuti hata moja la nguvu. Rusha mpira kwa mkono kutoka hatua tano.

Anza na msimamo. Miguu ipanuke usawa wa mabega, magoti yakunjwe kidogo, uzito uwe mbele ya nyayo na visigino vikigusa ardhi kwa shida. Mikono iwe mbele, usawa wa kiuno. Jambo moja utalirudia mpaka uchoke: awe ametulia kabla mpira haujapigwa. Kipa anayeendelea kutembea wakati mshambuliaji anapiga hawezi kuruka upande wowote, kwa sababu mguu mmoja uko hewani.

Mpira unaokuja usawa wa kifua na kichwa unadakwa kwa viganja vinavyotazama mbele, vidole gumba vikiwa karibu karibu nyuma ya mpira hivi kwamba mikono miwili inachora kitu kama herufi W. Vidole gumba vikiachana, mpira unapita katikati. Ule wa chini ya kiuno ni kinyume chake: vidole vya mwisho vinakutana, viganja vinatazama juu, na mpira unapokelewa na kuvutwa kifuani kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Katika mipira ya chini mwili uwe nyuma ya mikono. Viwanja vyetu vina kokoto na mashimo ya ng'ombe, mpira unaweza kuruka hatua ya mwisho, na mikono ikikosa ni lazima goti au kifua viwepo.

Rusha kumi, apumzike, rusha kumi tena. Mtoto akianza kudondosha mipira rahisi, amechoka. Simamisha. Ukimlazimisha akiwa amechoka unamfundisha kudaka vibaya.

Kuanguka

Hapa ndipo wengi wanapoumizwa na makocha wao. Mtoto anaambiwa "ruka!" siku ya kwanza, anaangukia kiwiko au tumbo, na kuanzia siku hiyo anarukia mipira akiwa amefumba macho.

Kuanguka kunafundishwa kutoka chini kwenda juu. Kwanza akae kitako, miguu mbele, umviringishie mpira pembeni naye aulalie. Akizoea, apige magoti. Kisha achuchumae. Kisha asimame. Mwisho ndipo achukue hatua moja na kuruka. Kila ngazi ichukue siku zake, na mtoto wa miaka 10 kutumia mwezi mzima kabla hajaruka akiwa amesimama si kuchelewa.

Anaangukia ubavu. Pajani upande wa nje, halafu nyonga, halafu ubavu na bega, mfululizo, kama gurudumu linavyogusa ardhi. Asiangukie kiwiko, asiangukie tumbo, na asitangulize kiganja kitupu chini kujizuia, kwa sababu kifundo cha mkono ndicho kitakachobeba uzito wote. Mikono iende kwenye mpira, mmoja nyuma yake na mwingine juu yake, na mpira wenyewe uguse ardhi kabla ya mwili. Mpira ndio mto wa kuangukia.

Fanya mara sita mpaka nane kila upande. Kila kipa ana upande anaoupenda na upande anaoukwepa, na utauona siku ya kwanza. Anza na ule anaoukwepa wakati bado ana nguvu.

Kamba mbili za kufundishia pembe

Zoezi hili halihitaji zaidi ya kamba ndefu, hata ya katani au ya kufungia mbuzi, na kwa maoni yangu lina faida kuliko mashuti mia moja.

Funga ncha moja ya kamba kwenye nguzo ya kushoto na ncha nyingine kwenye nguzo ya kulia. Shika kamba hiyo katikati na uivute mpaka pale mpira ulipo, tuseme kwenye pembe ya kumi na nane. Sasa una pembetatu: kila shuti linaloweza kuingia golini lazima lipite ndani ya kamba hizo mbili. Mweke kipa kwenye mstari wa goli, mwambie anyooshe mikono, atazame pengo lililobaki kulia na kushoto kwake. Mwambie asogee mbele hatua mbili. Pengo limepungua. Hatua mbili tena. Limepungua zaidi. Hapo mtoto anaelewa kwa macho yake kwa nini unampigia kelele kila siku atoke golini.

Kisha hamisha mpira kwenda pembeni kabisa, naye ajitafutie mahali pa kusimama ambapo kamba mbili ziko sawa kulia na kushoto kwake. Wengi husimama vibaya mara ya kwanza, wanaacha nguzo ya karibu wazi. Acha ajirekebishe mwenyewe kwa kutazama kamba. Baada ya wiki tatu ondoa kamba, weka mpira popote, mwambie asimame, halafu uirudishe kamba umwonyeshe amekosea kwa kiasi gani.

Umwonyeshe pia upande wa pili wa jambo. Akitoka mbali sana, mshambuliaji mwenye akili atamnyanyulia mpira juu ya kichwa. Simama wewe kwenye mpira, mnyanyulie mara mbili. Ataelewa.

Miguu na sheria

Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira ambao mwenzake amempasia kwa makusudi kwa mguu. Mpira wa kurushwa na mwenzake nao hashiki. Kwa hiyo kipa asiyejua kutuliza mpira na kupiga pasi ni hatari kwa timu yake mwenyewe. Dawa ni rahisi: wachezaji wa ndani wanapofanya mazoezi ya pasi, makipa waingie nao, wacheze kwa miguu kama wengine, dakika kumi na tano kila siku.

Kuna sheria nyingine mpya ambayo hata baadhi ya waamuzi wa ndondo bado hawajaizoea. Kuanzia Julai 2025, kipa akishika mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, timu pinzani inapewa kona. Zamani zilikuwa sekunde 6 na adhabu ilikuwa faulo isiyopigwa golini moja kwa moja, ambayo waamuzi waliitoa kwa nadra. Sasa mwamuzi ananyoosha mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde 5 za mwisho. Mfundishe kipa wako kuhesabu kimoyomoyo mazoezini. Kwenye penalti, angalau sehemu ya mguu mmoja iwe juu ya mstari, au usawa wake, wakati mpigaji anapopiga.

Wiki yenyewe

Tuseme mechi ni Jumapili. Jumatatu ni mikono na miguu, nusu saa, bila kuanguka, maana mwili bado unauma. Jumatano ndiyo siku kubwa: dakika arobaini kwenye kile kipande laini, kuanguka na kamba. Ijumaa warudi kwa timu nzima kwa krosi, kona na mipira ya goli kiki, na hapo kipa ajifunze kuongea. Maneno matatu yanatosha, mradi timu nzima iyakubali: "Yangu!" akitoka kudaka, "Toa!" beki akitakiwa kuupiga mbali, na "Nyuma!" mtu akiwa anamjia beki asimwone.

Mipira ya juu na kukutana na mshambuliaji ana kwa ana viachwe mpaka wiki ya saba au ya nane. Kwa ana kwa ana, mikono itangulie mpirani na uso ubaki nyuma ya mikono. Kwa watoto wadogo mshambuliaji asimame mpira ukishashikwa, bila kugusana.

Siku ya mechi usimpashe moto kwa mashuti ya washambuliaji wanaotaka kujifurahisha. Mpe robo saa ya mipira rahisi mikononi, michache ya kuanguka, na wa mwisho uwe ule aliodaka.

Akiumia

Nilidaka nikiwa shule ya msingi. Siku moja kidole kilitoka, mwenzangu mmoja akakivuta kwa nia njema kabisa, na mpaka leo nikishika maikrofoni kidole hicho hakinyooki. Kidole kilichotoka au kuvimba hakivutwi uwanjani. Kitie kwenye maji baridi, kifunge pamoja na kidole cha jirani bila kukaza, nenda zahanati.

Kichwa ni jambo zito zaidi, kwa sababu kipa huingiza kichwa penye miguu ya watu. Oktoba 2006 Petr Cech wa Chelsea aligongwa na goti la mchezaji wa Reading, akavunjika fuvu, akafanyiwa upasuaji. Alirudi uwanjani Januari 2007 akiwa amevaa kofia ya kukinga kichwa, na aliivaa mpaka alipostaafu. Huyo alikuwa na madaktari pembeni ya uwanja. Sisi tuna ndoo ya maji.

Kwa hiyo kanuni iwe moja na isijadiliwe. Mtoto akigongwa kichwa, kisha akapoteza fahamu hata kwa muda mfupi, au akayumba, akaona kizunguzungu, akaumwa kichwa, akatapika, akaona maluweluwe, au akashindwa kukumbuka matokeo ya mechi, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni fainali na hata kama yeye mwenyewe anasema yuko sawa. Apelekwe kituo cha afya. Asiachwe peke yake usiku ule, na mzazi aambiwe wazi kilichotokea. Akizidi kutapika, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akiwa mgumu kuamshwa, au majimaji yakimtoka puani au masikioni, ni hospitali mara moja.

Daftari

Nunua daftari moja la shule. Kila bao mnalofungwa, andika mambo manne: mpira ulianzia wapi, nani aliupoteza, shuti lilipigwa kutoka wapi, na kipa alikuwa amesimama wapi. Usiandike usiku wa mechi ukiwa na hasira. Andika kesho yake, na umkalishe kipa muandike pamoja, naye aseme alichokiona kabla wewe hujasema chako. Watazamaji waliomzomea hawana nafasi katika kikao hicho.

Baada ya mechi tano lisome lote. Mabao mengi yakiwa ya nguzo ya karibu, rudisha kamba Jumatano. Yakiwa ya mipira aliyodaka ikamponyoka, rudi kwenye kurusha kwa mkono, hatua tano, bila kuona kwamba mmerudi nyuma. Yakiwa ya krosi, tafuta mtu wa kupiga krosi nzuri, kwa sababu kipa hawezi kuzizoea kama mazoezini kila krosi inaenda nje. Kama kijijini kuna kipa wa zamani anayeshinda kijiweni, mwombe saa moja Jumatano na umpe hilo daftari alisome. Na mkiona mabao mengi yalianzia kwa beki aliyepoteza mpira mbele ya kumi na nane, kazi ya wiki ijayo si ya kipa. Waite mabeki wote wanne, wasimamishe ndani ya kamba, waone wao wenyewe anachokiona aliye nyuma yao.